Mwenye Sura Ndiye Mwenye Mkasi

Nitamweleza jirani yangu mpiga filamu kama nilivyomjua, na nitasema mapema kwamba nilikuwa na haja naye. Nilitaka awe mwongo. Kwa miaka mingi alituahidi sisi wanawake aliotupiga filamu kwamba kipande tukikikata hakibaki popote, na baada ya Fardosa kufa nikaja kuomba ahadi hiyo iwe ya uongo. Picha za Fardosa akiwa peke yake ninazo: ya pasipoti, za harusi za binamu zake, moja amekunja uso nje ya duka la simu. Picha yetu sote wawili ilikuwa moja tu. Ilikuwa ndani ya filamu ya jirani huyo, na Fardosa aliikata kwa mkono wake mwenyewe.

Fardosa alikuwa mwenzangu. Tuliishi pamoja Sparkbrook, mjini Birmingham, yeye mkalimani wa hospitali, mimi mtunzaji wa wazee, na barabara nzima ilitujua kama wasichana wawili wa Kenya wanaogawana nyumba. Hatukukanusha. Picha ya pamoja hakutaka kabisa, hata ya simu, kwa sababu simu hupotea na simu huazimwa na wapwa. Nilimwelewa, au nilizoea, sijui tofauti.

Asili ya mpiga filamu sitaieleza, kwa kuwa mwenyewe alinieleza mara nyingi na kila mara ilikuwa nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, Kiingereza chake cha Birmingham kabisa, na katikati ya hivyo viwili kulikuwa na maisha ambayo hakumwachia mtu ayashike. Nyumba yake na yetu ziligawana ukuta mmoja. Kabla hatujamwona tulimnusa, maana ukuta ule ulipitisha harufu ya kahawa iliyochacha, na Fardosa alikuwa na hakika kwamba jirani anapika kitu kilichokatazwa na sheria.

Kumbe alikuwa anasafisha filamu. Dawa za dukani hakuzitaka. Alichanganya kahawa ya unga ya bei rahisi, vitamini C na magadi, yale yale tunayotia kwenye maharagwe ili yalainike, akafunika dirisha la bafu kwa mablanketi na kufanya kazi gizani akiimba taarabu kwa sauti mbovu. Picha zilizotoka humo zilikuwa na rangi ya chai ya rangi na madoa kama ya mtu aliyemwaga kitu. Watu wa chuo kikuu waliyaandikia madoa hayo kurasa nyingi. Yeye alisema ni uchafu wa bafu.

Mchanganyiko huo mkavu aliuweka jikoni ndani ya kopo la kahawa, na kopo hilo halikuwa na alama yoyote. Siku moja akina mama wa ushirika wa Wakenya walimtembelea, maana walisikia kuna mjane mzee anaishi peke yake. Mke wa mchungaji, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumsumbua mwenyeji, akaingia jikoni na kuwapikia wote kahawa. Walikunywa. Ilikuwa chungu, chachu na yenye povu, na hakuna aliyesema neno kwa sababu kila mmoja alidhani ndivyo kahawa ya pwani ilivyo. Watu wa Mombasa si hutia tangawizi na iliki, basi labda hutia na hiki. Mmoja alisifu. Mpiga filamu aliwatazama hadi vikombe vikaisha, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, “Hawa sasa wamekunywa sinema.” Fardosa alicheka hadi akatoka nje.

Na huo ujane ulikuwa uongo pia. Marehemu mumewe alikuwa baharia, kisha fundi cherehani, kisha mwalimu wa hesabu aliyeangushwa na punda. Afisa wa nyumba wa jiji alipoona kamera yake kubwa ya kutiwa ufunguo kama saa aliambiwa ni mashine ya kushonea mikoba. Umri wake ulitegemea anayeuliza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa ndefu na yenye vituo, na katika kila kituo alishuka akanunua kitu.

Kutupa hakuweza. Nyumba ilijaa makopo, mifuko, vifungo, miavuli ya watu, vyungu vilivyovunjika mkono. “Akiba haiozi,” alisema ukimgusia. Nataka msomaji aliweke hilo akilini pamoja na uongo wake, kwa sababu mimi nililiweka. Mtu asiyeweza kutupa mwavuli uliovunjika, na anayedanganya hata asipoulizwa, nilisema, atawezaje kutupa sura za watu?

Kazi yake aliianza zamani, wakati mwanamke wa Uingereza akijulikana anampenda mwanamke aliweza kunyang'anywa watoto na mahakama. Hakuna aliyekuwa akiwapiga picha wanawake hao isipokuwa polisi na magazeti. Yeye aliwapiga wakimenya viazi. Aliwapiga wakisuka, wakipiga pasi, wakirekebisha baiskeli, wakigombana kuhusu pazia. Kuna bibi wawili wa Balsall Heath waliokuwa na saluni, kuna nesi wa Kijamaika, kuna mama wa Kipunjabi ambaye katika filamu nzima unaona visigino vyake tu, vikipanda na kushuka ngazi, na mwenzake anaita kutoka juu. Nilimuuliza kwa nini hapigi mambo makubwa, maandamano kwa mfano. Alisema maandamano yana watu wengi wa kuyapiga. “Nani atajua kama tulikuwa tunagombania pazia?”

Alipokuja kukupiga hakuongea. Alikaa jikoni kwako, akanywa chai yako, akasahaulika. Kamera ilikuwa na mlio wa cherehani, na baada ya muda mlio huo nao uliusahau. Alianza na mikono daima. Alisema uso hujua unatazamwa na huanza kusema uongo, lakini mikono ina kazi ya kufanya. Nilimwambia kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho kulalamikia uongo, akasema ndiyo maana anaujua.

Jambo jingine lilikuwa sauti. Maneno ya mmoja hakuyaweka juu ya mikono ya mwenyewe. Aliyaweka juu ya mikono ya mwingine, tena kwa kinywa cha mtu wa tatu, ili asipatikane wa kukamatwa. Mimi nilisoma maisha ya bibi mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa kondakta wa basi na ambaye aliishi na “binamu” yake mpaka binamu akafa. Niliyatafsiri mwenyewe, nikayasoma kwa Kiswahili cha Kitale nilichokulia, kabatini chini ya ngazi, mablanketi kila upande. Filamu ilipoonyeshwa yule bibi alikaa safu ya mbele. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliitikia kwa kichwa mahali panapostahili, na mwisho akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa yeye. Nilisema ndiyo.

Kisha kuna mkasi. Huu ndio uliomfanya ajulikane kwa wanaojua mambo hayo. Kila filamu ikiwa tayari, kabla mtu yeyote hajaiona, alimwita mwanamke aliyepigwa, akamkalisha kwenye meza yenye taa chini yake, akampa mkasi wa kushonea, naye akatoka chumbani. “Mwenye sura ndiye mwenye mkasi,” alisema, hakuongeza maelezo. Ulikata usichokitaka na ukaenda nacho nyumbani kwako, ukichome au ukiweke chini ya godoro. Yeye aliporudi alipima urefu wa kilichoondoka na mahali pake akaunga kanda nyeusi ya urefu ule ule. Basi filamu zake zina giza. Unaona mikono inakanda unga, halafu giza, halafu mikono inanawa.

Aliwahi kunieleza mkasi ulikotoka. Alisema alipokuwa kijana alionyesha filamu ukumbini, ikiwa na uso wa mwanamke anayecheka, na katika watazamaji alikuwamo shemeji wa mwanamke huyo. Watoto walichukuliwa. Aliniambia hayo akichambua mchicha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchicha, na siku iliyofuata akaniambia habari ya punda na mwalimu wa hesabu kwa sauti hiyo hiyo. Sikujua nichukue lipi. Nilipohitaji kumwona mwongo, hata hilo la watoto nililiweka pamoja na punda.

Kule Moseley, juu ya mkahawa mmoja, walimwandalia onyesho. Vijana walijaa hadi ngazini. Giza lilipokuja mara ya kwanza walikohoa, la pili wakatazamana, na la tatu lilipodumu zaidi mtu akawasha simu ili aone kama projekta imeharibika. Baadaye msichana mmoja aliyenyoa upara aliuliza, kwa heshima zote, kama giza hilo si kule kule kufichana tena, na kama wakati haujafika wa watu kuonekana. Wengine walipiga makofi. Mpiga filamu alimwambia, “You sit in it, bab,” hilo *bab* likiwa neno la kubembeleza la watu wa Birmingham, ingawa yeye hakubembeleza. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, “Huyu mtoto ana pasipoti nzuri na mama anayempigia simu kila Jumapili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.” Nilimwambia msichana yule ana haki ya kuuliza. “Ana haki,” alisema. “Mimi nina haki ya kuchoka.”

Mpole hakuwa. Alitumia maisha yake kuhifadhi mapenzi ya watu na mapenzi yenyewe yalimchosha. Ukianza kumweleza mambo ya moyo wako aliangalia saa. Hakupenda kukumbushwa zamani, ilhali nyumba yake nzima ilikuwa zamani. Aliwakemea vijana waliokuja na kamera za simu kwamba hawajui kusubiri, naye mwenyewe hakuweza kusubiri basi, angeondoka kituoni kwa miguu na kulilaani lilipompita. Makaburini alikuwa mtu mwingine. Alitafuta mawe yenye majina ya wanawake wawili, yale yaliyoandikwa “na rafiki yake mwaminifu”, akapiga magoti na kuyasugua kwa mswaki kabla ya kuyapiga filamu. Mvua ikinyesha tulimshikia mwavuli. Ilikuwa miavuli ya watu.

Fardosa alimpenda. Alimwita Bi Mkubwa, na walikuwa na ugomvi usiokwisha kuhusu chai, kwamba Wasomali wa Garissa huweka viungo vingi hadi majani yanakuwa mgeni kikombeni. Ni Fardosa aliyekubali tupigwe. Nilishangaa. Alisema, “Mikono tu, lakini. And I get the scissors, si ndiyo?” Bi Mkubwa alisema mkasi ni wake.

Alitupiga majira ya kuchipua, siku kadhaa, jikoni na ukumbini. Sikumbuki mengi kwa sababu nilikuwa nikitoka zamu na kuingia zamu. Siku ya kukata nilikuwa kazini. Fardosa alikwenda peke yake upande wa pili wa ukuta, akakaa mezani, akakata. Niliporudi alikuwa ameshakichoma kipande hicho kwenye karai uani na anaosha karai. “Ilikuwa nini?” niliuliza. “Sote wawili,” alisema. “Tulionekana sana.” Nilimuuliza nilikuwaje humo. Alisema nilikuwa nimechoka, na nywele zangu zilihitaji kazi. Tukala. Katika filamu iliyobaki kuna mikono yake, kuna mgongo wangu, na baina ya hivyo kuna giza ambalo watu wa Moseley walilikalia, nami nikiwa kati yao.

Ugonjwa wake ulikuwa mfupi. Ndugu zake walikuja kutoka Leicester, watu wa heshima, wakafanya kila kitu upesi kama dini inavyotaka, na sina neno baya la kusema juu yao. Msikitini nilisimama nyuma kabisa upande wa wanawake na mtandio wa kuazima. Kaka yake mkubwa alinisubiri nje. “Mungu akulipe, dada,” alisema. “You were a good housemate to her. Alikuwa anakutaja kila mara.” Nilisema amina. Alinipa maji ya chupa kwa sababu ilikuwa siku ya joto, nikayanywa, nikapanda basi.

Sikulia siku hiyo wala wiki hiyo. Nasema tu ilivyokuwa. Nilikwenda kazini, nikawaogesha wazee, nikawalisha, nikaandika kwamba wamekula. Watu walidhani nina nguvu. Ndani hakukuwa na nguvu wala udhaifu, kulikuwa na kama mkono ulioulalia, unajua ni wako lakini hauna habari.

Mpiga filamu hakuja mazikoni. Alikuja baadaye na sufuria ya maharagwe, akaiweka mezani, akasema, “Kula.” Hakusema pole. Alikuwa amezidisha magadi, maharagwe yamevurugika kuwa uji. Nilikula hadi nikamaliza naye akinitazama, halafu akachukua sufuria yake akaenda. Hadi leo sijui kama yalikuwa na chumvi.

Habari ya negativu niliipata kwa bahati. Mikono yake ilipoanza kudhoofika alikubali, baada ya kutukana sana, kuzikabidhi filamu zake kwa hifadhi moja ya picha, na walimtuma mama mmoja mwenye glavu nyeupe na masanduku. Mimi nilikuwapo kusaidia kubeba. Yule mama alipanga kanda zote, akashukuru, akauliza, “And the negatives? Do you have them all?” Nilimuuliza hizo ni nini. Alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza jamaa ya mgonjwa. Kinachotoka kwenye kamera kwanza ni negativu, weusi wake mweupe na weupe wake mweusi. Kutoka hiyo ndipo hutengenezwa nakala ya kutazamwa. Nakala unaweza kuikata utakavyo. Negativu iko pale pale, nzima.

Nilimtazama mpiga filamu. Miaka yote hiyo wanawake walikata, wakabeba vipande vyao kifuani, wakavichoma uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tunakata nakala. Tulikuwa watu wa kushona na kukata nguo. Kwetu ukikata kitambaa kimekatika. Yeye alikuwa akisogeza kikombe. “Chai iko tayari,” alisema, na hakuna chai iliyokuwa imepikwa.

Ningepaswa kukasirika kwa niaba ya wote. Yule mama wa visigino, yule nesi. Sikukasirika. Nilifurahi, na furaha hiyo ilikuwa kitu cha kwanza kunigusa tangu msikitini. Kama alitudanganya, basi Fardosa na mimi tupo mahali fulani ndani ya kopo.

Sikumuuliza siku ile kwa sababu ya mgeni, na kabla sijapata siku nyingine kiharusi kilimwangusha bafuni. Maneno yalimpotea yote. Nilikuwa na ufunguo wake. Jiji lilipotaka nyumba yake, mimi ndiye niliyeitoa vitu, na nilifungua kila kopo. Vifungo, pipi zilizoganda, mchele wenye wadudu, kanda fupi fupi za negativu nilizozishika dirishani moja moja: mikono myeusi iliyogeuka myeupe, mikono, mikono, mlango, mikono. Fardosa hakuwamo. Lakini mpiga filamu alikuwa na watu mjini kote ambao aliwaachia mizigo, na mtu kama yule hawezi kukosa maficho, kwa hiyo sikukata tamaa. Nilingoja maneno yake yarudi.

Yalirudi polepole. Walikuwa wamempeleka nyumba ya wazee kule Edgbaston, yenye miti mikubwa na nyasi zinazofyekwa na mtu maalumu, na alichukia kila jani. Kazi yangu ni nyumba kama hizo, hivyo nilipoingia niliona yale ninayoyaona kila siku: kucha zimekatwa vizuri, maji yako mbali na mkono mzima. Niliyasogeza. Ilikuwa mchana, na kutoka uwanja wa kriketi makelele ya watu yalipanda mara moja moja yakashuka. Alikuwa kitini, mkono wa kushoto mapajani, na macho yake yalikuwa na ukungu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Umenenepa,” alisema, ingawa hakuweza kuniona vizuri.

Tuliongea habari za chakula chao, kwamba wanachemsha kila kitu hadi kinasahau jina lake. Halafu nikamuuliza. Sikuzunguka. Nilisema, “Mama, ile negativu yetu, mimi na Fardosa. Iko wapi?”

“Nilikata.”

“Najua yeye alikata. Nakuuliza ile ya asili.”

“Nami nakujibu. Mkasi ukipita huku, mimi nilipita kule. Kila mmoja. Fremu kwa fremu, nikilinganisha. Ya kwenu, na ya wale wa saluni, na ya wote. Unadhani macho haya yaliishia wapi?”

“Ukavitupa?”

“Nikavichoma.”

“Wewe hutupi hata kizibo.”

“Vile nilichoma.”

Hapo nilipandisha sauti, jambo ambalo silifanyi katika nyumba za wazee. Nilimwambia amewadanganya akina mama wa ushirika, amelidanganya jiji, amejidanganyia waume watatu na punda, amedanganya hata mwaka wake wa kuzaliwa kwenye fomu za nyumba hii, basi mimi nilimkosea nini hata mimi peke yangu asinidanganye. Nilisema ningemsamehe. Nilisema alitakiwa tu kuwa yeye mwenyewe. Mhudumu mmoja alichungulia mlangoni, nikamwashiria kwamba tuko sawa.

Mpiga filamu alingoja hadi nikamaliza. “Aliyeniomba si wewe, mwanangu,” alisema. “Ni yeye.”

Nilikaa. Nilitazama nyasi. Nilianza kutafuta mkoba wangu ili niondoke, ndipo likanijia jambo ambalo ningepaswa kulijua toka mwanzo. Mtu hawezi kulinganisha fremu kwa fremu bila kutazama. Mpiga filamu alikuwa ameinamia taa ile na kila fremu yetu, moja baada ya nyingine, kabla ya kuikata. Ulimwenguni kote aliyetuona alikuwa amebaki yeye.

“Basi niambie,” nilisema. “Uliona nini?”

“Hakuna la maana.”

“Niambie lisilo la maana.”

Alifumba macho. Maneno yalimjia kwa kuvutwa, mengine upande. Alisema Fardosa ameketi jikoni na sinia mapajani, anachambua mchele. Anatoa mawe, anayaweka ukingoni mwa meza. Mimi naingia kutoka kulia, nina koti la kazi bado, nimebeba nguo. Napita nyuma yake nakwenda kwenye kamba. Nikipita naweka mkono juu ya kichwa chake, hivi, kama mtu anayeshika ukuta asianguke, halafu nauondoa.

“Sikumbuki hilo,” nilisema.

“Ulikuwa umechoka. Yeye anaacha mchele. Anainua kichwa, anakutazama unavyokwenda. Mkono wake umebaki hewani na jiwe.”

“Halafu?”

“Halafu hakuna. Anakutazama tu mpaka filamu inaisha. Mtu yeyote angeona uso ule angejua. Shemeji, kaka, mtoto mdogo. Hakuwa na la kufanya ila kukata.”

Muda mfupi uliopita nilikuwa nimeomba kwa nguvu zangu zote awe mwongo. Sasa nilikuwa naomba, kwa nguvu zile zile, awe mkweli, na sikuwa na njia ya kujua. Uso wake haukuonyesha chochote. Kifua changu kiliuma upande mmoja, maumivu ya kawaida kabisa, nami nikayaacha yaume.

Mhudumu alikuja na chai, akaiweka mbali na mkono mzima, nikaisogeza. Mpiga filamu alisema amechoka, anataka kulala.

“Rudia kwanza,” nilimwambia. “Anzia kwenye mchele.”

Alinywa kidogo, akanipa kikombe nikishike, akaanza upya.